Nauli ya Mama Iko Ofisi ya Kodi

Jumanne, mtaa wa Juba Na Bari.

Mvua imenyesha asubuhi ikaacha tope hadi mlangoni, halafu jua likatoka kali kana kwamba halijui kilichotokea. Umeme hakuna. Naandika kwa simu, chaji imebaki kidogo, na sina hakika kama kuna mtu anayesoma. Haidhuru. Kuta za hapa ni mabati, nikipiga kelele majirani watakuja mbio, basi acha niandike.

Wale mliowahi kunisoma hapa mnaijua habari ya makato. Kwa mgeni nitaeleza kwa ufupi. Nafanya kazi upande wa mizigo pale uwanja wa ndege, napima na kuandika maboksi yanayoingia kutoka Nairobi na Entebbe. Mwaka jana kampuni ilitukata kodi mara mbili kila mwezi. Ilipogundua ikasema samahani, pesa imeshakwenda ofisi ya kodi, kila mtu akadai yake. Tukaenda. Wenzangu walizungushwa weee, mwishowe wakalipwa. Poni, ambaye tunakaa meza moja, alilipwa wakati pauni imeshuka vibaya, akanunua gunia la mkaa na viatu, pesa ikaisha. Lakini alilipwa.

Mimi bado.

Namba iliyobandikwa ukutani kule inaita mpaka inakata. Barua pepe nimetuma, hazijibiwi. Ukienda mwenyewe mtandao umeanguka, au mwenye kuweka sahihi yuko mkutanoni, au wanakuambia tal bukra, njoo kesho, na hiyo kesho yao nimeshaijua tabia yake. Nimeomba ruhusa kazini hadi msimamizi ananiuliza kama nimepata mume mjini.

Pesa yenyewe si ya viatu. Ni nauli ya mama. Yuko kambini Kakuma, Kenya, peke yake katika nyumba aliyonilelea, miguu imevimba, na mgao wa chakula umepunguzwa mpaka wanawake wa rika lake wanakopeshana unga kwa kikombe. Kwa hali hiyo siwezi kumpandisha gari siku nzima kwenye barabara ile. Nataka ashuke kwenye ndege nikimwona, pale pale ninapopokea mizigo ya watu wengine. Hataki kuzikwa Kakuma, amelisema hilo waziwazi. Kila Jumapili ananiuliza kuhusu nauli, na kila Jumapili namwambia bado kidogo.

Kilichonikwamisha ni jina. Tulipofika Kakuma nilikuwa wa kubebwa mgongoni na baba alikuwa ameshauawa vitani. Mjomba Majok, kaka yake mama, alikuwa na kadi ya mgao, basi mama akaniingiza humo kama binti wa Majok. Wengi walifanya hivyo ili watoto wapate chakula. Nikawa Debora Majok kambini, Debora Majok shuleni, na kwa vyeti hivyo vya shule nikapata kazi Juba. Lakini kitambulisho cha uraia huku kinafuata baba na babu, kwa hiyo humo mimi ni Nyandeng Atem Kuol, jina nililopewa nilipozaliwa. Aliyekatwa kodi ni Debora. Anayedai ni Nyandeng. Ofisi inataka mtu mzima wa damu yangu athibitishe kwamba wote wawili ni mimi.

Mjomba alishafariki. Ndugu wa baba wanamjua Nyandeng tu. Anayetujua sote wawili ni mama, na mama hawezi kuja kwa sababu nauli iko ofisi ya kodi.

Nimelizungusha hili kichwani mpaka nimechoka.

Leo nilifikiri Mungu amenikumbuka. Karani wa dirishani, mzee aliyekulia Uganda miaka ya vita, nadhani amechoka kuiona sura yangu.

"Sista, wewe iko kuja hapa kila siku. Mama yako anajua Kiswahili?"

Nikasema anajua, cha Kakuma.

"Piga yeye. Akisema wewe ni mtoto yake, mimi iko andika. Lakini mimi ndiyo nauliza. Wewe nyamaza."

Alikuwa ananifanyia hisani, nataka hilo lieleweke. Hakuomba hata soda. Nikapiga, simu ikashika papo hapo. Kwa haraka yangu sikumweleza mama lolote. Nilisema tu, mama, kuna mtu wa ofisi anataka kukuuliza kitu, nikaweka sauti ya nje. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mama," karani akaanza, kwa ile sauti nzito ya kiofisi, "Debora Majok ni nani kwako?"

Mama akajibu bila kusitasita.

"Debora ni binti wa kaka yangu. Mimi ni shangazi yake."

"Si mtoto yako?"

"Sikumzaa mimi."

"Na Nyandeng?"

"Hapa hakuna Nyandeng."

Nikafungua mdomo, karani akaniinulia mkono. Alimshukuru mama, akakata, akanirudishia simu polepole. "Malesh, pole sista," akasema, na nikaona anasikitika kweli. Wenzake wote walikuwa wamesikia. Ilibidi aandike alichoambiwa. Sasa faili langu lina shahidi, na shahidi amenikana.

Simlaumu mama. Kambini, kila ilipotangazwa kwamba watu wa ofisi wanakuja kutuhesabu, alinikalisha juu ya jerikeni na kunifanyisha mazoezi. Wewe nani? Debora. Baba yako? Majok. Na huyu mama? Shangazi. Nyandeng ni nani? Simjui. Nikikosea ananifinya sikio, kwa sababu mtoto akiropoka mbele yao jina linafutwa kwenye kadi na chakula kinakatwa. Nilijifunza nikamaliza, nikasahau. Yeye hajasahau. Leo amesikia sauti ya mtu wa ofisi ikimuuliza majina ya kwenye kadi, akafanya alichofanya miaka yote ile. Alikuwa ananilinda nisikose kula.

Nililia kwenye boda mpaka dereva akapunguza mwendo, akaniuliza kama nina msiba. Nikasema hapana. Kurudi dirishani kesho kusema mama yangu alidanganya siwezi, maana watauliza alidanganya lini, leo au miaka ile, na yote mawili yana adhabu yake. Pesa nyingine sina. Mpango mwingine sina. Nimekaa kitandani na nguo za kazi, hata viatu vyenye tope sijavua.

Jioni amenibip, nikampigia. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomsikia kwa muda mrefu.

"Yule mtu aliridhika? Nilijibu vizuri?"

"Umejibu vizuri, mama."

Akacheka. Akasema wenzake wanadhani amezeeka, kumbe kichwa bado kiko sawa. Akasema alijua tu siku moja watakuja kuuliza tena, ndiyo maana hajawahi kusahau. Kisha akauliza kuhusu nauli.

Nikamwambia bado kidogo.