Radhi Niliyoomba Bila Kosa

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umeacha kukusumbua? Na migomba yetu, mvua imeifikia? Huku Unguja mimi ni mzima, ila moyo hautulii. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka majirani wanachangia.

Shati la mgeni liliungua pasi hapa hotelini, Mji Mkongwe. Siku hiyo sikuwa na zamu. Kesho yake msimamizi wetu, Bi Salma, aliponifokea, nikapiga magoti nikaomba radhi kama ulivyonilea: mkubwa akikasirika, kwanza mpoze. Kumbe kwa watu wa huku ni kukiri kosa. Nilipotaka kueleza akaniuliza, "Kama si wewe, magoti ulipiga ya nini?" Leo meneja anaamua kama nifukuzwe.

Jana jioni, darasani kule Amani, mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Zuwena, alitufundisha "fight back". Alisema si kuanza ugomvi. Ni pale ulipokwisha kuonewa, nawe ukajitetea, iwe kwa mkono au kwa maneno. Hata mgonjwa anayepambana na homa husemwa hivyo. Akataka kila mtu atunge sentensi ya kweli ya maisha yake. Mwenzangu mmoja akamtaja paka wake, tukacheka. Mimi nikakutaja wewe, siku baba zangu wadogo walipokuja kuchukua shamba baada ya msiba wa baba, ukatandika mkeka mlangoni ukawaambia, bila tusi hata moja, kwamba shamba ni la watoto. Bi Zuwena aliipenda. Kisha akasema, "Hiyo ya mama'ko. Yako nnaingoja."

Nilirudi nimejikasirikia, Mama. Asubuhi hii nikaingia kwa meneja, na Bi Salma alikuwapo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu nikasema: "Shati sikuliunguza mimi. Siku ile sikuwapo kazini. Radhi niliomba kwa heshima, si kwa kosa."

Meneja ameniambia nisubiri nje awaulize wenzangu. Niko barazani, nakaa, nainuka, nakaa tena, ndiyo maana mwandiko umepinda. Tafadhali usiseme mwanao amekosa adabu ugenini.

Nisalimie bibi, na shangazi anayetuuzia ndizi sokoni. Mdogo wangu mwambie viatu vyake sijavisahau.

Wananiita. Kazi sijui kama ninayo, Mama, lakini sentensi ninayo.

Mwanao,
Koku