Jicho Mlilolifungua Juani

Kaka Masanja,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, si kwa sababu roho imetulia. Hamjambo hapo Runzewe? Mayu, mama yetu, goti limepata nafuu? Mimi huku Ujerumani ni mzima, baridi tu inanitafuna mifupa, ila leo nina hasira hata chakula hakipiti. Nimeandika barua maana kwenye simu ningekutukana.

Wifi amenieleza yote. Eti mlifungua mfuniko wa mashine ya kupima dhahabu mchana kweupe, umeme umewashwa, ili wachimbaji wachungulie! Kaka, nilikuambia nini? Ile chupa ya kioo ndani ya boksi jeusi ndiyo jicho la mashine. Ndani yake kuna utando mwembamba. Mwanga kidogo tu unaotoka kwenye unga wa jiwe linalopimwa ukiugusa, unatema elektroni, na kwa kuzihesabu, mashine inajua mawe yenu yana dhahabu kiasi gani. Umeme ukiwemo, jicho hilo linataka mwanga wa kuonja tu. Nyie mkalimwagia jua lote la Runzewe! Limeungua, basi. Na utando ule niliupaka mimi mwenyewe hapa kiwandani, nikambembeleza bosi mpaka akaniachia chupa niwatumie.

Nikamuuliza wifi, kisa nini? Akasema wachimbaji wenzako walianza kunong'ona kwamba umekula njama na wanunuzi. Kama ni haki, mbona kipimo kinafanyika gizani? Ukaona ufungue uwatoe wasiwasi. Hapo ndipo nilipolia kwa hasira, na si kwako peke yako. Hao wanunuzi nawajua. Baba alipeleka mawe kwao maisha yake yote. Wanaingia nayo nyuma ya pazia, wanatoka wanasema, "Mzee, haya mepesi, dhahabu kiduchu," naye anavua kofia anashukuru. Nani tena angeamini kitu kilichofunikwa? Washenzi wakubwa wale! Na sasa nasikia mmerudisha mawe kule kule, na mmeambiwa mepesi.

Sikubali. Bosi nitambembeleza tena, hata akinichoka. Jicho jingine likifika, msilikague kwa kulichungulia. Kila mchimbaji asage jiwe lake, unga augawe mafungu mawili. La kwanza mlipime anatazama majibu. La pili alilete siku nyingine, asiseme ni la nani. Mashine ikijibu vile vile, ataamini mwenyewe, na mnunuzi hatamdanganya tena.

Mpe Mayu salamu zangu zote. Wifi, Mama Kulwa, mwambie wabeja sana kwa kunieleza ukweli, na usimgombeze. Shangazi wa Kishapu akija, mwambie michembe yake, vile viazi vitamu vikavu, imeisha, nimebaki nanusa mfuko.

Ni mimi mdogo wako, bado nimenuna,
Kabula

Nilisahau: akitokea mtu wa kusema mfuniko ufunguliwe tena, mwambie sawa, ila atangulie kwa mnunuzi akafungue lile pazia.