Yoga ya Mama Msimu wa Baridi

Nyumbani, mtaa wa juu,
Almora.
17 Januari

Mpendwa ndugu yangu Bhuwan,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Muscat? Kiran na mtoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unajitibu mwenyewe? Huku mabomba yameganda, tunayeyusha theluji kwenye sufuria. Wote tu wazima isipokuwa Mama, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Usishtuke, soma hadi mwisho.

Unajua Mama hakosi yoga. Tangu baridi ianze haifanyii tena uani. Yeye na wenzake wanne, Shangazi Saruli akiwamo, hukutana alfajiri katika chumba cha mwalimu mpya, kijana aitwaye Yogambar aliyetoka Haridwar. Amewapangia mazoezi ya msimu: wapashe viungo taratibu, wapunguze kuinama, kisha wavute pumzi kwa tundu la kulia la pua ili mwili upate joto. Sikuona ubaya.

Kisha Mama akaanza kurudi na kichwa kinachomgonga na miguu inayoyumba. Siku moja alitia chumvi kwenye chai, akainywa bila kutambua. Nilipomuuliza, akajibu, "Baridi inanitoka mwilini, mwanangu. Si lazima ipite mahali?" Nikamuuliza hayo kayasikia kwa nani. Akasema kila mtu anajua. Jibu la namna hiyo hunizidishia shaka.

Nilimshuku Yogambar. Baada ya mazoezi huwanywesha kitu cha moto, na mgeni anayewanywesha wazee alfajiri lazima achunguzwe. Nilikwenda mazoezi yalipokwisha, nikakinywa mlangoni. Ni tangawizi, pilipili manga na majani ya mrihani. Hakikunifanya lolote. Sikuridhika.

Jumanne iliyopita Shangazi Saruli alizimia mazoezini akiwa ameketi. Wenzake walimbeba hadi nje, na kwenye ile baridi akafumbua macho. Mtaa mzima ukaisifu yoga kwamba imemrudishia uhai. Mimi nikajiuliza jambo moja: mbona alizindukia nje?

Kesho yake niliingia bila hodi, mazoezi yakiendelea. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magazeti na mablanketi. Katikati ya chumba palikuwa na jiko la mkaa limewaka jekundu, nao wamelizunguka, wanavuta pumzi ndefu kadiri ya nguvu zao.

Niliwauliza kama wamesahau watu wanaokufa kila mwaka kwa kulala na jiko ndani.

"Kwani hapa nani kalala?" akasema Shangazi Saruli. "Sisi tuko macho, tena tumeketi wima kukushinda wewe."

Wenzake wakacheka. Nikamgeukia Yogambar, maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tayari.

"Dada, mimi nilisema dirisha liachwe wazi," akasema. "Wakaniambia mtoto wa bondeni hajui baridi. Na jiko si langu."

"La nani?"

Akamtazama Mama. Mama akafumba macho, akaziba tundu la kushoto, akaendelea.

Ndiyo hivyo, Bhuwan. Ni mama yetu anayetoka nyumbani kila siku kungali giza amebeba makaa ya jikoni kwetu.

Ameahidi kuacha. Simwamini. Juzi shali yake ilinuka moshi, akadai kaota moto kwa jirani. Jirani huyo yuko Dehradun kwa mwanawe tangu Desemba.

Nakuomba umpigie simu. Wewe atakusikiliza kwa sababu uko mbali. Mimi wa karibu nimekuwa kelele tu. Usimkataze yoga, atakukatia simu. Mwambie wafanye saa nne, juani, kwenye roshani. Yogambar amekubali. Wao wameshikilia alfajiri.

Shangazi Saruli anakusalimu, ingawa haongei nami. Mbusu mtoto, mpe Kiran salamu zangu. Mungu akulinde ugenini, na huku atuachie Mama mpaka theluji iyeyuke.

Nami tangu jana nimejiunga na darasa. Naketi kwenye dirisha lililo wazi, mgongo nimeuegemeza pale pale wasiweze kulifunga. Wananinunia wote, na Mama amenihamishia mkeka mara mbili. Narudi pale pale.

Dada yako akupendaye,
Hemanti