Makopo Nyuma ya Vikombe vya Wageni

Bi Zuhura, mwenzangu,

Ni mimi wa upande wa pili wa ukuta. Ule ukuta uliokuwa ukiugonga kwa kijiko ukitaka chumvi, au ukitaka tu nije tusengenye watu, siku hizi hausemi kitu. Asubuhi nikiinjika chai najikuta nimetia maji ya watu wawili. Nasonya, namwaga nusu, nakunywa yaliyobaki nikiwa nimekukasirikia bure. Hujanikosea. Ni upweke tu, na upweke ukimkuta mtu mwenye ulimi kama wangu hugeuka hasira.

Habari za Kaloleni unazitaka, najua, wewe ulikuwa hulali bila habari. Mvua zile kubwa zimekwisha, lakini njia ya kwenda kwenye hol ya mikutano bado ni shimo juu ya shimo. Hol yenyewe wameipaka rangi nusu, rangi ikaisha. Mama Akinyi wa nyumba ya pembeni amepata mjukuu. Sikuitwa kumwona mtoto. Nilisikia vigelegele nikiwa ndani, nikapiga changu kimoja hukuhuku jikoni ili nisipitwe, kisha nikaona haya.

Nikifika mferejini maneno yanapungua. Vijana wa pale kwenye kona, waliokuwa wakiniita Mama Soja kwa utani, eti askari wa mlangoni pako, bado wananiita hivyo, ila hawacheki. Wanasema nilikunyima chakula, Bi Zuhura. Wanasema jirani alikaa mlangoni pa mgonjwa akirudisha sahani za watu mpaka mgonjwa akaisha. Na sahani nilizirudisha kweli. Hilo siwezi kulikana.

Unakumbuka ilivyoanza. Mkono wa kushoto ulipoanza kutetemeka uliuficha ndani ya leso miezi mingi, ukinimiminia chai kwa mkono mmoja, nami nikijifanya sioni. Kisha miguu ikaanza kukugomea. Ulikuwa unasimama kwenye kizingiti kana kwamba mtu amekushika nguo kwa nyuma. Hospitalini wakakuambia ni ugonjwa wa Parkinson. Ukatoka nje ukaniuliza, "Mzungu gani huyu ameingia mwilini mwangu bila hodi?" Nilicheka mpaka machozi. Wewe hukucheka. Ulitaka jambo moja tu na uliniambia palepale: uweze kuswali ukishuka chini na kuinuka mwenyewe. Kuswali kitini ulisema ni kwa wazee, nawe ulinizidi miaka.

Vile vidonge walivyokupa vilikufaa. Ulikuwa unameza, unakaa kidogo, halafu unasema, "Nimefunguka," nami nasikia ndara zako upande wa pili zikielekea jikoni. Lakini siku nyingine ulimeza kidonge kilekile na hakuna kilichofunguka. Hatukujua kwa nini. Tulidhani ugonjwa una mambo yake.

Adhuhuri moja nikasikia kitu kinalia, nikadhani ni paka. Sauti yako ilikuwa imepungua sana. Nilipoingia nikakukuta kwenye msala, paji la uso chini, umeshindwa kuinuka kutoka sijida. Mimi mtu wa kanisa nikasimama nisijue kama naruhusiwa kukanyaga pale. Ukasema, "Vua viatu uniinue, Nduku. Mungu ataelewa." Nilipokukalisha ukapumua, ukasema, "Leo nimemwomba kuliko wenzangu wote." Halafu ukalia. Hata ulipofiwa na mume sikuwahi kukuona ukilia.

Ndipo tukarudi hospitalini kwa yule daktari kijana aliyekupa vidonge, akauliza unakunywa nini kingine pamoja na dawa. Ukamwambia, "Si kitu." Mimi nikamwambia ukweli, ukanifinya paja. Akatutuma turudi na kila kitu, tukarudi na kiondo. Nilimimina mezani kwake vidonge vya kuongeza damu vya Mama Akinyi, mafuta ya samaki, unga mweusi wa mitishamba usio na jina, na makopo ya unga wa lishe aliyokuletea mwanao Rukia kutoka kwake mtaa wa Fedha, yale yenye picha ya bibi kizee mwenye meno yote.

Hakutugombeza. Alivitenga kimoja kimoja. Mafuta ya samaki akasema hana ugomvi nayo. Ule unga usio na jina akasema hawezi kukuruhusu umeze kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Kwa vidonge vya damu akakupima kwanza, akaona damu yako inatosha, akatueleza kwamba madini yaliyomo hukamatana na dawa tumboni, dawa ikashindwa kufika inakotakiwa. Na unga wa Rukia, maziwa, mayai, nyama, vyote akavisifu, ila vikiingia pamoja na kidonge vinagombania mlango mmoja, na dawa ndiyo inayobaki nje. "Kidonge kipite peke yake," alisema. "Chakula kifuate baadaye. Vile vya kujenga mwili viwekeni mpaka jioni."

Nikaona ni jambo dogo. Kumbe nilikuwa nimesahau nyumba yako ilivyo. Mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa mwenye adabu huonja mbele ya aliyeleta, akasema mashallah. Na walikuwa wakija asubuhi, saa zilezile za kidonge, na uji wa maziwa, na mayai, na supu ya miguu ya ng'ombe. Ulionja vyote. Hukuwahi kumwambia mtu asubiri. Adabu yako ndiyo iliyokuwa ikikufunga.

Nikasema tuwaeleze tu, yaishe. Ukakataa. "Mama Akinyi akiambiwa vidonge vyake ndivyo vilivyonilaza kwenye msala, atapata usingizi gani? Na Rukia wangu, anayejinyima ili aninunulie makopo? Hapana. Mtu haambiwi kwamba hisani yake ilidhuru." Nikakuuliza basi tutawaambia nini. Ukanitazama kwa yale macho yako ya kuomba chumvi. "Wewe watu wameshauzoea ukali wako," ulisema. "Sema ni wewe."

Nami nikakubali, tena nikicheka. Nikahamishia kigoda changu mlangoni pako, na kila aliyekuja asubuhi na sufuria nilimwambia mgonjwa amelala, au mgonjwa ameshakula, au mbona chakula chenyewe kina mafuta hivyo. Mama Akinyi nilimwambia vidonge vyake avirudishe kliniki alikopewa. Aliniangalia, akafunga vidonge vyake kwenye pindo la leso, akaondoka. Nawe ndani ulikuwa ukisikia yote, ukijiziba mdomo usicheke. Adhuhuri unashuka, unainuka. Nilikuwa nasubiri kuisikia ile Allahu Akbar yako ndogo ya kuinukia, kisha ndipo naenda kupika changu.

Rukia akija Jumapili na kopo jipya unalipokea kwa mikono miwili, unalisifu, unamwombea dua. Akishaondoka unalipanga kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. "Nitakoroga jioni," ulikuwa ukisema. Lakini jioni ulitaka muthokoi wangu, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, na kipande cha samaki, na mimi sikukulazimisha. Ulikuwa unakula vizuri. Natamani mtu mmoja tu zaidi yangu angekuona ukila.

Kukonda ulikonda, ni kweli. Daktari alisema ugonjwa wenyewe hukondesha watu. Kisha mvua zile zikakushika kifua, tukakupeleka hospitali ukiwa unahema, na nyumbani ulirudi umefunikwa. Nilichota maji ya kukuoshea. Ndoo ikapokelewa mlangoni na mlango ukafungwa, maana mimi si wa dini yenu, na hilo nalielewa. Nikakaa kwenye kigoda changu palepale nje. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, hakuna aliyeniambia pole. Walimwambia kila mtu pole ila mimi.

Baada ya hitima Rukia akafungua kabati agawe vyombo. Akatoa vikombe, akayaona makopo. Hakuna hata moja lililofunguliwa. Alinijia nalo moja mkononi, yule bibi wa meno bado anacheka, na wanawake wote wapo, Mama Akinyi akiwa mbele. Akaniuliza, "Mama Kioko, hata haya ulimkataza?"

Jibu nilikuwa nalo, Bi Zuhura. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Ningelitoa na jina langu lingesafika palepale mbele ya mtaa mzima, na mtoto wako angerudi Fedha akijua kwamba kila Jumapili alikuwa akimnunulia mama yake kitu cha kumfunga. Nilimtazama. Ana paji lako la uso. Nikasema, "Mimi nina ukali wangu, mwanangu. Nisamehe." Akaliweka kopo chini taratibu, akaondoka, na tangu hapo hanisalimu.

Nakulaumu, ujue. Nakulaumu nikifua, nakulaumu nikichambua maharagwe. Ulikwenda na adabu yako nzima ukaniachia mimi ukali wote. Watoto wangu, Kioko na wenzake, wako mbali. Nikiugua mimi ni nani wa mtaa huu atakayeniletea sahani, wakati mimi ndiye niliyezirudisha zao? Juzi nilikuwa na homa, nikalala mchana kutwa nikisikiliza miguu ya watu. Ilikuwa inapita tu. Nilijikuta nimeshika kijiko, nikagonga ukuta, hivi, polepole. Mtu mzima mimi.

Kisha nikaiona ile sahani yako ya maua ya bluu, uliyoniletea ikiwa na visheti kabla ya mvua. Ilikuwa imebaki kwangu. Nimekaa na wewe miaka mingi na hiyo sheria naijua kuliko amri za kanisani: sahani hairudi tupu. Nikaamka, nikaloweka maharagwe, nikapika muthokoi kama ulivyokuwa ukiupenda, kitunguu kimekauka vizuri. Nikaupakua kwenye sahani yako, nikaufunika kwa leso, nikaenda mpaka Fedha kwa Rukia.

Alifungua geti nusu. Aliitambua sahani kabla hajanitambua mimi, nikaona mkono wake umeenda mdomoni. Hakunikaribisha ndani. Aliipokea kwa mikono miwili, vilevile kama wewe ulivyokuwa ukipokea makopo yake, akasema, "Ahsante," akafunga. Nikasimama nje ya geti lile kidogo, kisha nikarudi zangu.

Sasa sahani iko kwake. Umemlea wewe, sheria ya sahani anaijua. Anaweza kuiweka kabatini na isirudi, ni haki yake, ilikuwa ya mama yake. Najiambia hivyo kila siku na sijiamini.

Basi pumzika, mwenzangu. Huko uliko sidhani kama mtu anangoja kidonge ndipo ainuke. Ahadi yangu ni ileile uliyoniachia. Rukia akiniuliza tena, hata akiniuliza kwa upole, hata akiniuliza akiwa amesimama mlangoni pangu na hiyo sahani mkononi, nitamwambia ulikuwa ni ukali wangu. Kigoda nimekirudisha nyumbani. Ila sikukiingiza ndani, nimekiweka nje, kimeelekea njia anayotokea mtu akija kutoka Fedha.

Kwaheri ya kuonana, Bi Zuhura.

Ni mimi Nduku, soja wako.