Laptopu Hii Nimeikagua Kama Ng'ombe wa Mahari

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Dada yangu Atuganile,

Ugonile? Ukungu wa Masukulu umeamkaje na hilo goti lako la kushoto? Mama anakula vizuri? Shemeji kikohozi kimemwacha, au bado anajitibu kwa moshi wa jikoni na ubishi? Mimi joto la huku limenikausha kama dagaa, lakini chakula kinapita na usingizi unakuja. Kwa desturi hapa ningeandika kwamba sina neno. Nina neno, dada. Ninayo mengi, na nimeamua kuyaandika kwa sababu Alhamisi kwenye simu ulinikatisha mara mbili ukasingizia mtandao. Barua haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho, au utaiacha mezani ikutazame.

Ulisema hivi: "Subilaga, nimeamua kuachia. Wachukue ukatibu wao. Mimi nimezeeka, hiyo kompyuta siiwezi." Ukasema Jumamosi kwenye mkutano wa kikundi cha chai utasimama mwenyewe, utamkabidhi mpwa wa Mwenyekiti muhuri na makabrasha, kisha utarudi kwenye miche yako ukae kwa amani.

Nasema hapana. Na ili hapana yangu isiwe ya mdomo tu, ndani ya boksi ulilolipokea stendi ya Tukuyu kuna laptopu. Ni yako. Si ya mwanao wala si ya ukoo, na isiazimwe kwa ajili ya kuonyeshea video za harusi.

Hebu tuitazame vizuri hiyo sheria mpya ya Mwenyekiti wenu. Kuanzia msimu huu, anasema, muhtasari wa kila mkutano uchapwe kwa kompyuta, na katibu awe na kompyuta yake mwenyewe. Maendeleo, anasema. Zama zimebadilika, anasema. Mimi sina ugomvi na zama. Nina ugomvi na mtu anayezitumia zama kama fimbo. Umeandika mihtasari ya kikundi hicho kwa kalamu tangu nywele zako zikiwa nyeusi, na hakuna aliyelalamika. Kalamu yako imezeeka lini? Imezeeka mkutano uliopita, siku wakulima walipopitisha kwamba mizani ya kupimia majani itolewe ndani ya kibanda, ikae uwanjani, kila mkulima aone mshale unasimama wapi. Ulipoandika neno hilo, kalamu ikaota mvi palepale!

Na unajua vizuri kwamba uamuzi ule unarudishwa Jumamosi "kurekebishwa". Atakayeandika muhtasari ndiye atakayesema mizani inakaa wapi. Mimi ninalisha tumbo langu kwa kusahihisha vitabu vya watu kwenye kiwanda cha uchapaji, na katika kazi hii nimejifunza jambo moja kubwa: mwenye kusema husema, mwenye kupiga makofi hupiga, lakini anayechapa ndiye mwenye neno la mwisho. "Iliamuliwa" hugeuka "ilijadiliwa", na hapo mizani imesharudi kibandani bila mtu kuibeba. Mpwa wa Mwenyekiti anaweza kuwa kijana mzuri, simjui. Lakini kitendo hicho ataagizwa, naye atakifanya, maana mjomba ndiye aliyemweka.

Sasa nikueleze nilivyoipata.

Jana nilikwenda Kariakoo, kwenye maduka ya kompyuta. Nikaingia la kwanza. Kijana mmoja mwenye shati la kubana akanipokea kwa tabasamu lote.

"Karibu mama'angu! Ya mtoto wa chuo?"

"Hapana. Ya dada yangu."

"Anafanya kazi ofisi gani?"

"Analima chai Rungwe. Ana miaka hamsini na tano."

Akacheka, dada. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia kwamba kuku anataka viatu. "Mama, bibi wa shamba na laptopu wapi na wapi? Mnunulie kitenge, atakuombea dua."

"Kitenge nitamnunulia pia," nikamwambia. "Sasa nionyeshe laptopu."

Akaleta moja nyembamba, ina rangi ya dhahabu, inang'aa hata nikajiona pua. Mpya, akasema, haijafunguliwa na mtu. Nikamwambia aiwashe. Ikawaka, ikafikiri, ikazungusha kile kiduara chake, ikaendelea kufikiri. Ugali ungeiva, ukapakuliwa. Nikafungua ukurasa wa kuandikia, ikaganda. Nikamuuliza memori yake ikoje, akaanza kunisifia rangi. Nikauliza nafasi ya kuhifadhi kazi, akanionyesha jinsi inavyokunjika.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule ng'ombe.

Unamkumbuka, najua, hata kama siku hizi unajifanya mtu mpole. Mimi nilikuwa binti wa shule ya msingi, nimejibanza nyuma ya migomba. Upande wa shemeji wameleta ng'ombe wa mahari yako, na mmoja alikuwa anameremeta, ngozi laini, pembe zimepanguswa. Wazee wote wanamsifu. Ukatoka jikoni na kindoo mkononi. Hukumsalimu mtu. Ukachuchumaa, ukashika kiwele, ukavuta, ukavuta tena. Ukainuka mbele ya wanaume wote ukasema, "Baba, huyu amepakwa mafuta. Chuchu mbili zimekufa."

Baba mdogo akafoka: "Tangu lini bibi harusi akakagua mahari yake mwenyewe?"

Nawe ukamjibu bila kupandisha sauti, "Mimi naondoka. Mama ndiye atakayemkamua."

Baba akatazama chini, akasema, "Mrudisheni." Na shemeji, mwenyewe bwana harusi, akamshika kamba yule ng'ombe kwa aibu, akamwondoa, akaja na mwingine mwenye ngozi chakavu ambaye mama alimkamua mpaka nikamaliza shule. Dada, mimi ubishi wangu wote, barua zangu zote magazetini, magomvi yangu yote na wakubwa, nilivianzia pale nyuma ya migomba. Ndiyo maana siwezi kukusikia ukisema "nimeamua kuachia" nikatikisa kichwa tu.

Basi nikamwambia kijana, "Rudisha. Huyu amepakwa mafuta."

"Nani amepakwa mafuta, mama?"

"Ilete ile nyeusi kule juu."

Ile nyeusi ilikuwa imetumika ofisini huko Ulaya, ikaletwa na kontena. Nene kidogo, haina urembo, herufi mbili tatu zimefifia kwa kuguswa. Hizo zilinipendeza: mashine iliyochakaa vidoleni ni mashine iliyofanya kazi. Ikawaka kabla sijakaa vizuri. Nikapiga kila herufi, moja baada ya nyingine, mpaka namba na alama zote. Nikaichomeka flashi pande zote mbili, ikaisoma. Nikaigeuza, nikaiinamisha, nikasikiliza feni. Kisha nikachomoa waya wa umeme, nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakamua."

Kwa maana umeme wa Masukulu naujua: mvua ikikohoa tu, umeme unalala. Laptopu yenye betri mbovu huko kwenu ni sinia. Nikakaa pale kuitazama betri inavyoshuka, na ili nisikae bure nikaanza kukuandikia barua hii humohumo. Salamu za mwanzo hapo juu, za goti na kikohozi, niliziandika Kariakoo.

Baada ya muda kijana akaja kusimama nyuma yangu. "Mama, hapa ni dukani, siyo maktaba."

"Mwenye kununua ndiye anayekaa."

Akainama kusoma. "He! Na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika. Ukinisumbua nitakuandika tena, na safari hii kwa ubaya."

Baadaye akaniletea soda, nadhani ili aandikwe vizuri. Haya, nimeandika: alileta soda. Wateja wakaingia na kutoka, yeye akala chakula chake cha mchana, nami naandika tu, na betri ikabaki imara. Tukagombania bei kama watu wazima, nikaondoka nayo.

Ina kasoro, sikufichi. Kamera yake haifanyi kazi, wala huihitaji, uso wako Masukulu wote wanaujua. Bawaba ya kulia inalegea kidogo, kwa hiyo uifungue kwa mikono miwili. Hayo ndiyo yote niliyoyaona.

Usiku sikuigusa; leo baada ya ibada ndipo nimeiweka sawa. Nimefuta michezo na takataka zote walizoijaza. Menyu nimeziweka kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna sheria inayosema mkulima wa Rungwe aombe ruhusa kwa Kiingereza kabla ya kuhifadhi kazi yake. Maandishi nimeyakuza ili usihangaike na miwani. Ilikuwa pia inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, kama mwalimu mkorofi. Nimeizima tabia hiyo. Hakuna mashine itakayokusahihisha wewe.

Ukiiwasha itakuuliza neno la siri. Ni jina tulilompa yule ng'ombe aliyerudishwa, mimi na wewe, usiku ule tulipokuwa tunacheka chini ya blanketi mpaka mama akagonga ukuta. Sijaliandika hapa wala sitaliandika popote. Mpwa wa Mwenyekiti hata akisoma chuo mpaka azeeke, hatalipata.

Mbele yako utaona vitu viwili tu. Kimoja ni barua hii hii unayoisoma kwenye karatasi. Ifungue ujizoeze nayo: ongeza maneno, futa maneno, ukipenda mtetee Mwenyekiti pale nilipomchoma, kisha bonyeza palipoandikwa "Hifadhi". Huwezi kuiharibu mashine kwa kubonyeza, dada. Inaharibika kwa maji, kwa kuanguka, na kwa shemeji kuiwekea kikombe cha chai juu. Usiiweke darini juu ya jiko tunapokaushia mahindi. Najua utashawishika kwa sababu ya unyevu, lakini moshi utaiua. Ikae kabatini mbali na ukuta, imefungwa kwa nguo kavu. Na usiichomeke kwenye ile sola ya kuchajia simu, haitaiweza.

Muhtasari uuandike nyumbani, uuweke kwenye flashi, kisha upeleke steshenari ya Tukuyu wautoe kwenye karatasi. Wautoe tu. Wakikuambia, "Mama, tukuchapie upya upendeze," wajibu kwamba umeshapendeza.

Umesema vidole vyako vimekuwa vigumu. Vidole hivyo huchuma majani mawili na chipukizi lake, kutwa nzima, huku unazungumza na jirani bila hata kutazama. Mimi nilianza kuchapa kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa, na leo ndiyo kazi inayonilisha. Anza na kimoja. Muhtasari hauulizi umeandikwa kwa vidole vingapi.

Kitu cha pili utakachokiona ni ukurasa wa Jumamosi. Nimekuandalia: jina la kikundi, mahali, waliohudhuria, yatokanayo na mkutano uliopita. Chini ya hayo yatokanayo sentensi ya kwanza ipo tayari, kama ulivyoiandika wewe kwa kalamu: "Iliamuliwa mizani ikae uwanjani." Na mwisho kabisa, penye "Katibu", nimeandika Atuganile.

Kwa hiyo sikulazimishi. Kama kweli umeamua kuachia, washa mashine, nenda chini kabisa ya ukurasa, na ulifute jina lako mwenyewe, herufi moja moja. Ukiweza kufanya hivyo, nitanyamaza, na unajua kunyamaza kwangu ni kazi kubwa kuliko kununua laptopu. Ukishindwa, basi Jumamosi nenda mapema, kaa kwenye kiti chako, ifungue kwa mikono miwili mbele ya wote, uanze kuandika kabla Mwenyekiti hajamaliza kukohoa.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya miguu inakuja na mtu wiki ijayo. Msalimie shemeji, mwambie laptopu hii imekaguliwa, asitafute kamba ya kuirudisha. Binti yako mwalimu kule Kawetele mpe salamu na umwonye: akufundishe, asikufanyie. Jirani yako mama Ipyana, yule aliyenyoosha mkono wa kwanza kuhusu mizani, mwambie namheshimu bila kumjua sana. Wanakwaya wenzako wote, ndaga fijo, asanteni sana kwa kumtunza mama nikiwa mbali.

Wako mdogo, mkaidi kwa kukuiga wewe,

Subilaga

Nilisahau: hicho kitenge cha kijani nilichofungia laptopu si cha kufungia laptopu. Ni kile alichosema yule kijana wa dukani nikununulie. Tafuta nguo nyingine ya kuifungia, na hicho ukivae Jumamosi.