Kadi ya Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nimefeli tena! Mara ya pili. Nikifeli na mtihani wa tatu, ufundi umeme nausikia kwa jirani – nitabeba ngazi mpaka nizeeke. Mkufunzi kanihurumia. Anasema kichwa changu kizima, kinachoniponza ni kusoma kama kasuku. Andika maswali kwenye kadi, funga kitabu, jiulize. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha saba. Ubongo hushika kile unachohangaika kukikumbuka. Haya.

Alhamisi, 6 Machi
Kadi arobaini, zote kutoka chati ya swichi iliyobandikwa ofisini. Macho yanawasha. Ya 17: Kabla ya kupanda nguzo za ghala, zima swichi ipi? Ya nne.

Jumatano, 12 Machi
Inafanya kazi! Ukinikurupusha usingizini nakujibu. Mkufunzi anasema ukimfundisha mwenzio jambo, linakaa zaidi. Basi nimempata shemeji, mume wa mdogo wangu. Fundi kamili, ila kahamia kituo chetu juzi tu, swichi za huku hazijui. Tunaulizana mezani. Ananitania, eti tangu lini mbeba ngazi akamfundisha fundi! Mdogo wangu anacheka, anasema nyumba imekuwa darasa. Ya 17 shemeji anaijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Jumatano, 19 Machi
Mtihani kesho. Shemeji analalamika: kipimo chake cha umeme kimekufa, stoo wanamwambia wiki ijayo. Nikamwambia asipande bila kipimo. Akacheka – kadi zako zipo, shemeji.

Alhamisi, 20 Machi
Naandika garini. Nisipoandika nitapiga mayowe.
Saa nne taa za chumba cha mtihani zilizimika. Tukacheka, eti mafundi umeme tumekatiwa umeme. Swali la ghala lilikuwepo. Nikajibu kwa raha zangu.
Baadaye nikapita kwenye chati. Ghala ni swichi ya TANO. Ya nne ni ya chuo, chumba kile kile nilichokaa. Niliruka mstari. Mimi, kwa mkono wangu!
Nikauliza shemeji yuko wapi. Kaenda ghalani, wakasema, tangu saa nne kasoro. Simu inaita tu. Mkufunzi anaendesha.
Nafumba macho, najiuliza ya 17. Ya nne, kichwa kinajibu. Tano, mpumbavu wewe, tano! Najiuliza tena. Ya nne.
Tumekata kona. Ngazi naiona, imeegemea nguzo. Watu wamejaa chini yake. Taa ya lango la ghala inawaka, mchana kweupe.