Chuma cha Mbele cha Gari Lako la Polisi

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mayai usiyaguse, ni ya keki. Funguo za gari lako la polisi, lile ulilolitengeneza kwa kuiga la kwenye televisheni, usizitafute. Ninazo mimi.

~~Ukirudi, kipandishe kile chuma cha mbele kama nilivyokwambia.~~

Ngoja nikueleze kwanza.

Ulipotoka kwenda kukimbia, kigari changu kiligoma tena, safari hii katikati ya geti. Nimekitukana mpaka nikaishiwa maneno. Jirani yetu fundi cherehani akashika usukani wangu, mimi nikaingia kwenye lako, nikakisukuma kwa nyuma polepole kwa kile chuma ulichofunga mbele ya bampa lako. Ndiyo, kile kile nilichokicheka jana mbele ya watoto, nikasema umekifunga chini mno, kwenye televisheni kinakaa juu zaidi. Na wewe ukaendelea kukaza nati.

Nikashuka kuangalia kama nimekwaruza. Hakuna hata alama. Ile mipira miwili ya kuzuia mikwaruzo uliyokivalisha kile chuma imekaa sawasawa kwenye bampa langu, juu wala chini haikuzidi.

Kumbe ulipima kigari changu, wewe mtu! Na hukusema neno.

Basi usikipandishe hata kidogo. Mpigie fundi wa magari aje achukue kigari, tumekiacha nje ya geti. Mimi nimekwenda kazini na la polisi. Jioni nitawaambia watoto nilicheka bure.

Nimekamatwa,
Mama watoto